Mlango Niliompandia Mama

Kazi yangu ni kupanga mimea kwenye nyumba za watu. Nikisema hivyo wengi wanadhani nauza maua, nami sibishani nao, lakini maua siuzi. Nauza mimea ya majani manene, ile ambayo vijana wanaiita sakulenti, na mimea ya hewani, isiyotaka udongo kabisa, ambayo mwenzangu mmoja wa Dar es Salaam hunitumia kwa basi ndani ya boksi la viatu. Mteja akiniita naangalia mwanga unaingilia wapi, naangalia ana vitu gani vibovu stoo, halafu namtengenezea kitu. Nimeshapanda mishubiri kwenye chemli zilizovunjika vioo. Nimeshageuza ngazi ya fundi rangi kuwa rafu ya saluni. Nimeshaokota magogo makavu Chunya, yaliyopigwa na jua mpaka yakawa meupe kama mfupa, nikayafungia mimea ya hewani kwa waya mwembamba na kuyatundika juu ya kaunta ya lodge. Watu wanapigia picha pale.

Mbeya si mahali pepesi kwa mimea ya namna hii. Yenyewe inapenda jua na ukavu. Sisi tuna ukungu, na mvua zikianza zinasahau kuacha. Mwanzoni niliozesha mingi kuliko niliyouza. Unauacha mmea asubuhi umesimama vizuri, jioni unaugusa unateleza mkononi. Nikajifunza kutoboa kila chombo chini, kuchanganya mchanga wa mto na vipande vya mkaa, na kunyima maji. Kunyima ndiyo kazi yenyewe. Unapita karibu na kitu chenye uhai, unakiangalia, unakiacha. Nikawa hodari sana wa kuacha.

Mama yangu alikuwa anaishi Iringa, kijijini upande wa Kilolo, kwenye nyumba waliyojenga na marehemu baba. Alikuwa analima viazi na maharage, Jumapili anaimba kwaya ya kina mama. Siku moja nikiwa nimekwenda kumsalimia, alilalamika kwamba kitabu cha nyimbo kimefifia maandishi. Nikampeleka mjini kwa daktari wa macho. Akapimwa, akaambiwa ana presha ya macho. Akapewa matone ya kuweka asubuhi na jioni, kila siku, maisha yake yote. Daktari alinitazama mimi, si yeye, kwa sababu mimi ndiye niliyesimama pale na mkoba na simu kubwa.

"Ugonjwa huu hauumi," aliniambia. "Ubaya wake ni huo. Akiacha dawa hataona tofauti leo wala kesho. Akiona tofauti, nuru imeshapotea, na iliyopotea hairudi. Mfuatilie."

Niliitikia. Nakumbuka hata nilivyoitikia: kwa haraka, nikiwaza basi la kurudi Mbeya.

Baada ya hapo nilimfuatilia kwa simu. "Mama, dawa unaweka?" "Naweka." Basi, tunahamia kwenye habari za mvua. Sikumuuliza chupa imebaki kiasi gani. Sikumwambia mdogo wangu, anayeishi jirani naye, aende akaangalie. Ndiyo miaka ambayo kazi yangu ilianza kuchanganya, nikawa naitwa mpaka kwenye kumbi za harusi, na nilikuwa najiona mtu.

Kisha mdogo wangu akapiga simu yeye, mchana, nikiwa juu ya kiti nafunga waya kwenye dari ya mtu.

"Dada, mama ameingia kwenye shimo la takataka."

"Ameteleza?"

"Hajateleza. Alikuwa anatembea tu. Dada, mama haoni."

Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebakiwa na mwanga: angeweza kukuonyesha dirisha liko wapi, angeweza kujua kwamba mtu amepita mbele yake, lakini si nani. Daktari aliyempima safari hii alikuwa mwingine. Aliuliza dawa iliachwa lini. Mama akaanza kukunja ncha ya kanga yake. Mimi sikujua hata mwezi.

Nikamchukua kuja kukaa na mimi Mbeya. Nilijiambia ni kwa sababu ya kliniki.

Nyumba yangu ni ya kupanga, vyumba viwili na sebule, ukuta mmoja na jirani yangu, mama wa makamo mwenye duka la vitenge, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani kuja kufanya biashara huku akabaki. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfanya mama acheke, kwa kumwamkia kila asubuhi kupitia dirishani, "Shikamoo bibi, umeamka au umeamshwa?" Kwangu mama hakucheka. Alikaa kwenye sofa mikono mapajani, uso umeelekea dirishani. Mikono yenyewe ilikuwa mikubwa, yenye ufa kwenye vidole gumba, na haikuwa na kitu cha kufanya. Nilimpa mchele achague mawe. Akachagua, kisha akaniuliza, "Umeona nimeacha mawe mangapi?" Nilikuwa nimeyaona manne. Nikasema hakuna. Hakuomba mchele tena.

Wazo la mlango lilinijia Mbalizi. Kuna watu pale wanauza mbao na vitu vya nyumba zilizobomolewa, na mimi hupita mara kwa mara kutafuta vyombo. Niliuona mlango mmoja wa mninga, mzito, bado una bawaba. Nikaupapasa, nikahisi makovu yake yote, tundu la ufunguo, sehemu iliyolika kwa kushikwa. Ndipo nikafikiri: kazi yangu yote ni ya macho. Natengeneza vitu vya kuangaliwa. Kwa nini nisimtengenezee mama cha kushikwa?

Fundi alinisaidia kuulaza kwa ubavu kwenye ukuta wa sebule, pembeni ya dirisha, kwa urefu ambao mtu aliyekaa akinyoosha mkono anaufikia. Juu yake nikagongelea vyombo. Vikombe vya bati vilivyovunjika mikono. Upawa. Chujio la chai. Nusu ya sufuria iliyotoboka. Mdogo wangu alinitumia mbeta kutoka kijijini, vile vipande vya mwanzi vya kugemea pombe ya ulanzi, nikavipasua ubavuni na kuvitundika kama mitumbwi midogo. Nilichagua mimea kwa kufumba macho. Nilikuwa nakaa bandani ninakotunza mimea, nimefumba, napitisha vidole: huu una manyoya, huu umekunjamana, huu ni baridi na laini, huu una meno pembeni, huu una mistari iliyoinuka kama mishono. Nilimaliza kwa siku tano. Katika kazi zangu zote sijawahi kufanya nzuri kuliko ile, na nasema hivyo nikijua yatakayofuata.

Nikamketisha mama mbele yake na kumshika mkono.

"Nini hiki?"

"Shika tu, mama."

Akashika kidogo, akarudisha mkono. "Unanipa majani ya kuchezea. Nimekuwa mtoto?"

Nikaenda jikoni kupika, na humo jikoni nililia, kwa kuwa nilikuwa nimetarajia nishukuriwe. Nilipotoka alikuwa amesogeza kiti. Vidole vyake vilikuwa kwenye ule mmea wenye manyoya.

"Sikio la mbuzi," alisema, bila kugeuka.

Siku zilizofuata aliipa mimea yote majina. Sikio la mbuzi. Ulimi wa ng'ombe. Vidole vya mtoto. Mkia, uliokuwa unaning'inia kutoka kwenye upawa na punje zake zikidondoka ukiugusa vibaya. Huo aliugusa kwa mgongo wa kidole. Alijua kabla yangu ni upi umeanza kuoza. "Huyu wa kwenye chujio anakuwa laini, umempa maji mengi," alikuwa akisema, na ni kweli. Mwishoni mwa mlango nilikuwa nimetundika kipande cha gogo la Chunya chenye mimea ya hewani, minne, na hiyo ilimshangaza. Aliitafuta mizizi, akatafuta udongo, asipate.

"Hii inakula nini?"

"Hewa, mama. Na ukungu."

Alifikiri. "Basi kama mimi," alisema.

Jirani yetu alipoingia mchana alikuwa akiuliza, "Bibi, nitembeze shamba lako," naye anamshika mkono na kumtembeza, mmea kwa mmea. Kwa muda wa kama wiki sita niliisikia sauti ya mama ikipanda na kushuka sebuleni kama zamani. Mvua zilikuwa zimeanza, nguo zilikuwa hazikauki, nyumba nzima inanuka unyevu, lakini nilikuwa nalala vizuri.

Mmea mmoja hakuukubali. Upande wa kushoto, kwenye mwanzi, nilikuwa nimeweka mnyaa mdogo, aina ile ya mapambo ambayo vijiti vyake vinageuka vyekundu kwenye baridi. Wateja wanaugombea. Mama aliushika mara moja tu.

"Huu si mnyaa?"

"Ni mnyaa wa mapambo, mama. Si ule wa uzio."

"Mnyaa ni mnyaa. Una maziwa makali, hupandwa mipakani, ng'ombe wasipite. Kwenu mnauweka ndani?"

"Unapendeza, mama. Ni mwekundu. Unakaa vizuri pale kwenye kona."

Unapendeza. Nilimwambia hivyo mtu asiyeona. Ukuta mzima nilikuwa nimeutengeneza kwa ajili ya vidole vyake, isipokuwa ile kona. Kona ile niliitengeneza kwa ajili ya macho yangu. Alisema tu, "Haya," akaacha. Nikaacha na mimi.

Siku yenyewe nilikuwa kwa mteja, mwenye saluni, nikibadilisha mchanga kwenye vikombe vyake. Kabla ya kutoka nilideki sebule, nikasogeza kiti cha mama, na niliporudisha sikukirudisha palepale. Kilikaa hatua moja kushoto. Mama alikuja, akakaa, akanyoosha mkono kwenye sikio la mbuzi, na palipokuwa na sikio la mbuzi pakawa na kitu kingine. Aliuvuta mkono kwa nguvu, kijiti kikakatika. Yeye hakujua kama kimekatika. Jicho lake la kushoto lilikuwa na kawaida ya kutoa machozi, akawa anayafuta mara kwa mara kwa vidole. Akayafuta.

Jirani alisikia ukelele dukani kwake, na duka liko barabarani. Hakujua ni nini, lakini aliona maziwa meupe kwenye vidole vya mama na kijiti sakafuni, na huyo ni mtu asiyepoteza muda. Alimlaza kwenye kibaraza, akampanua kope kwa vidole vyake mwenyewe na kummiminia maji kwa birika, birika baada ya birika, huku mama akimpiga mateke. Ndivyo nilivyowakuta. Kibaraza chote kilikuwa maji, na mvua inanyesha juu yake.

"Shoga, usisimame hapo," aliniambia. "Leta ndoo nyingine. Halafu tafuta gari."

Hospitalini walimsafisha tena, wakampa dawa, wakamfunga bandeji. Walituambia tumefanya vizuri kuosha mapema. Kwa siku nne mama alilala na bandeji. Maumivu yalipungua siku ya tatu. Siku ya tano walifungua, na daktari akawasha tochi ndogo.

"Bibi, taa iko upande gani?"

Mama alisubiri. Nilijua anasubiri kwa adabu tu, kwamba labda daktari hajaiwasha.

"Iwashe kwanza, baba," alisema.

Nilimuuliza daktari pembeni. Nilimuomba aniambie kama ni mnyaa. Alikuwa mtu mwema, akanieleza taratibu kwamba kioo cha jicho kimepona vizuri, kwamba presha ilikuwa juu sana hata kabla, kwamba kile kimwanga kilikuwa kinakwisha chenyewe. "Huenda kingeondoka mwezi huu, huenda mwaka huu. Siwezi kukwambia ni kipi." Nadhani alitaka kunipunguzia mzigo. Tangu hapo sijawahi kupata mtu wa kunihukumu wala wa kuniachia.

Jioni ile ile niliung'oa mnyaa, nikaufunga kwenye mfuko na kuuchoma nyuma ya nyumba. Wiki iliyofuata nilizunguka mjini kwa wateja wangu wote, mmoja mmoja, kutoa minyaa niliyokuwa nimewawekea. Wengine walinielewa. Mwenye saluni alicheka.

"Kwa hiyo mwaka mzima huu mimi nimekaa na sumu? Mbona hukusema?"

"Sikusema."

"Ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa najua," nilimwambia. Kila anayefanya kazi hii anajua. Mimi huvaa glavu nikiikata.

Akaacha kucheka. Hakuniita tena, na sikumlaumu.

Mama alirudi kwenye sofa. Sikumpeleka mbele ya mlango, naye hakuuliza. Kilichobadilika ni kwamba uso wake haukuelekea tena dirishani. Uliweza kuelekea popote, ukutani, kabatini, na mara nyingine nilikuwa namgeuza kichwa kidogo kwa kisingizio cha kumfunga kitambaa vizuri, kwa sababu nilishindwa kuvumilia.

Siku moja ya mvua, tunakunywa chai, nikamwambia. Nilimwambia yote: kwamba nilijua maziwa ya mnyaa yanaunguza, kwamba alinionya, kwamba kiti nilikisogeza mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na dawa niliacha mimi," alisema.

"Kwa nini uliacha, mama?"

"Zilikuwa zinawasha. Nikaacha siku moja nione, nikaona kama kawaida. Nikaacha wiki, nikaona kama kawaida. Nikasema, hawa wanatafuta kazi tu."

"Ulikuwa unaniambia unaweka."

"Ulikuwa unauliza kama mtu mwenye haraka," alisema. "Nikakujibu kama mtu anayekuondolea haraka yako."

Hakusema kwa ukali. Alipapasa meza akakipata kikombe, akanywa. Nilisubiri aongeze kitu, labda kwamba yamepita, labda kwamba ni mapenzi ya Mungu, maneno ambayo kwa kawaida alikuwa nayo mengi. Hakuongeza. Alipomaliza chai aliniambia anataka kwenda kwake.

"Kule nani atakuangalia, mama?"

"Kule najua vitu viko wapi."

Nilijaribu wiki mbili kumbembeleza, hata jirani akajaribu. Nikamuuliza kama nimfungashie ile mimea, hata ile ya hewani tu, ambayo haina shida na mtu. Akatikisa kichwa. "Wagawie watu," alisema. Niliifungua yote niliporudi kutoka kumpeleka. Vyombo nilivirudisha stoo, mimea nikaipeleka kwa watu wenye watoto wakubwa, wenye macho. Mlango wenyewe niliuondoa ukutani nikaona umeacha alama ndefu ya unyevu. Fundi aliuchukua akatengenezee meza.

Tulisafiri pamoja mpaka Iringa. Njia nzima hakuuliza tumefika wapi. Mdogo wangu alikuwa amefunga kamba kutoka mlango wa nyumba mpaka jikoni, kutoka jikoni mpaka chooni, na nyingine mpaka mwanzo wa shamba. Majirani walikuja kumlaki kwa Kihehe, "Kamwene, mama, kamwene," naye akawatambua mmoja mmoja kwa sauti. Nilikaa siku tatu. Nilimfundisha mke wa mdogo wangu mambo ya dawa za kutuliza presha, maana macho yakishakufa bado yanaweza kuuma, na safari hii niliandika saa kwenye karatasi nikaibandika jikoni, nikamwambia aniambie chupa imefika wapi, si kama mama ameweka.

Asubuhi ya kuondoka nilimkosa mama kitandani. Nilimkuta kwenye maharage. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, kanga imefungwa kifuani, anapalilia kwa mikono. Ukungu ulikuwa haujainuka. Alikuwa anashika shina, analisikiliza kwa vidole, halafu anaacha au anang'oa. Alikuwa mwepesi, karibu kama zamani. Alikuwa ameshamaliza tuta moja na nusu.

Nilimfuata nyuma. Kati ya magugu aliyoyatupa pembeni kulikuwa na maharage, si mengi, moja moja, yenye maua tayari. Niliyaokota. Nikafukua kwa kidole na kuyarudisha palepale alipoyang'oa, nikayakandamizia udongo. Yalisimama. Najua mimea kiasi cha kutosha kujua kwamba haragwe likishang'olewa na maua yake halishiki tena, na kwamba jua likitoka tu yatalala.

"Ni wewe?" mama aliuliza.

"Ni mimi, mama."

"Naenda vizuri?"

"Unaenda vizuri."

Akasogea kwenye shina lingine. Dereva wa noah ya kunipeleka mjini alikuwa anapiga honi barabarani, ananiita.